Daftari la walioanguka mikarafuu: namna ya kulifikisha kwenye jarida la tiba

Swali: Assalamu alaykum. Mimi ni daktari katika hospitali moja ya Pemba. Kwa misimu mitatu ya karafuu nimekuwa nikimwandika kwenye daftari langu kila mgonjwa aliyeletwa kwetu baada ya kuanguka mkarafuu: umri wake, kimo cha mti, alichovunja, alivyofika hospitali, alikopelekwa. Mwaka jana niliandika makala nikaituma kwa jarida moja la nje. Ilirudi baada ya siku nne, bila sababu. Haikupita muda nikapata barua pepe ya jarida jengine linaloniita "profesa mashuhuri" na kuahidi kunichapishia kwa wiki moja kwa dola 400. Mkubwa wangu wa kazi naye anataka jina lake litangulie. Nimechoka. Nianzie wapi?

Wa alaykumu ssalaam, Daktari.

Nianze na la haraka. Hizo dola 400 usizilipe, na hiyo barua pepe usiijibu hata kwa kukataa. Jarida lenye heshima halimwandikii mtu lisiyemjua likamwita profesa mashuhuri. Wala haliwezi kuahidi kuchapisha kwa wiki moja, kwa sababu wahakiki wawili wa kweli, yaani wataalamu wanaoipima makala kabla haijachapishwa, wenye wagonjwa wao na wanafunzi wao, hawatafutwi wakapatikana, wakasoma na kuandika maoni, ndani ya siku saba. Na makala ikishaingia huko haitoki. Ukija kujuta ukataka kuipeleka kwengine utaambiwa imeshachapishwa, na itakuwa kweli. Misimu mitatu ya kazi yako itakuwa imezikwa mahali ambapo hapana daktari atakayeikuta.

Sasa tuje kwenye lile andiko lililorudi. Mhariri anayerudisha kazi kwa siku nne hajaipeleka kwa wahakiki. Ameamua mwenyewe mezani kwake, kwa kusoma kichwa, ikisiri (muhtasari wa makala), barua ya utambulisho na sentensi ya maadili. Wengi kwetu hudhani kilichowaangusha ni Kiingereza. Kiingereza kibovu kinachosha, lakini kinarekebishika, na mhariri analijua hilo. Nimehakiki miswada ya watu kwa miaka mingi, na inayokwama pale mlangoni huwa na moja kati ya kasoro tatu: imepelekwa kwa jarida lisilohusika na mada yake, haina kibali, au haina swali. Ya tatu ndiyo inayotupata zaidi sisi tunaoandika kutoka wodini, kwa sababu tunakuwa na data kabla hatujajiuliza tunataka kujua nini.

Nitaanza na kibali, maana ndicho kinachoweza kuifunga kazi yote. Umesema "daftari langu". Kumbukumbu unazoweka kuhusu wagonjwa wako ni sehemu ya tiba mpaka siku unapoamua kuzifanyia utafiti. Siku hiyo zinahitaji ruhusa. Kwa Zanzibar anayeitoa ni Kamati ya Maadili ya Utafiti wa Afya, ZAHREC, iliyo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, ZAHRI. Afya si jambo la Muungano, kwa hivyo lieleze hilo kwa sentensi moja ndani ya andiko, maana wapo wahariri wanaoijua NIMR, taasisi ya Tanzania Bara ya utafiti wa tiba, peke yake, na watakuuliza mbona kibali hakikutoka huko.

Huwezi kuomba kibali cha kazi iliyokwisha kufanywa ukajifanya haijafanywa. Unachoweza kuomba ni ruhusa ya kuzipitia kumbukumbu za hospitali za misimu iliyopita, na kuiomba kamati ikuondolee sharti la kupata ridhaa ya kila mgonjwa, kwa kuwa wengi huwezi kuwapata tena na majina yao hayatatumika. Waambie ukweli wote, pamoja na kwamba uliwahi kutuma andiko. Katika pendekezo lako chanzo kiwe rejista ya mapokezi, mafaili ya wodi na kitabu cha chumba cha upasuaji. Daftari lako likusaidie kujua faili lipi la kutafuta. Ukishapata kibali, data unayoifanyia hesabu isiwe na jina hata moja: kila mgonjwa ana namba, na karatasi inayounganisha namba na majina inakaa mbali, ndani ya kabati lenye ufunguo.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sisi wa visiwani tuna tatizo ambalo miongozo ya kimataifa inaligusa kwa mbali tu. London, ukificha jina la mtu umemficha. Pemba bado. Ukiandika "mwanamme wa miaka 41, mchumaji, aliyeanguka mwezi wa kumi katika shehia fulani akapooza miguu", mgeni atasoma apite, lakini shehia nzima imeshamjua, na watoto wake wataulizwa skuli. Miaka mingi nyuma niliandika taarifa ya mgonjwa mmoja nikataja umri, kazi, kijiji na mwezi. Niliona huo ndio ukamilifu. Baada ya muda kaka yake alinijia na simu mkononi, makala imefunguka, akaniuliza: "Daktari, maradhi ya dada yangu yamefikaje humu?" Sikuwa na la kumjibu. Nilimwendea mgonjwa nyumbani kwake nikamwomba radhi, akanisamehe, lakini makala ile ipo mpaka leo na siwezi kuifuta. Tangu siku ile umri nautia kwenye mafungu ya miaka kumi, shehia naigeuza wilaya, na tarehe naigeuza msimu. Jedwali likiwa na kisanduku chenye mtu mmoja au wawili, nakiunganisha na cha jirani yake.

Picha nazo ni hivyo hivyo. Kuziba macho kwa utepe mweusi hakumfichi mtu, na mapendekezo ya kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, yanalitamka hilo waziwazi. Ukitaka kutumia picha ya mgonjwa anayeweza kutambulikana, upate ridhaa yake kwa maandishi. Mwonyeshe picha yenyewe, umsomee kwa Kiswahili maneno yatakayoandikwa chini yake, umwambie kwamba mtu yeyote mwenye intaneti ataiona, ndipo atie saini au dole gumba. Picha ya eksirei ina wepesi zaidi, ila hakikisha jina na namba ya faili vimekatwa kwenye picha yenyewe. Ukivifunika kwa rangi tu, vinaweza kufunuliwa.

Tuje kwenye swali. Daftari kama lako linaweza kuzaa makala tatu au nne, na kishawishi cha kuzitia zote ndani ya moja ni kikubwa. Nani anaanguka? Anaumia wapi? Anachelewa kiasi gani kufika? Nani anavushwa kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na nani anamaliza matibabu hapo hapo? Chagua moja. Ningekuwa mimi, ningeuliza hivi: kati ya waliofika kwetu baada ya kuanguka mkarafuu, wangapi walikuwa na jeraha la uti wa mgongo, na walibebwa vipi kutoka chini ya mti mpaka hospitali? Nalichagua hilo kwa sababu jibu lake lina kazi ya kufanya. Mtu aliyeanguka kutoka juu ya tawi akainuliwa, mmoja kashika makwapa na mwengine miguu, akapakizwa katikati ya watu wawili kwenye bodaboda, anaweza kuupata njiani ulemavu ambao hakuanguka nao. Na hilo linazuilika kwa ubao, kamba na watu wanne waliofundishwa.

Swali hilo liandike kwanza kwa Kiswahili, sentensi moja, ulibandike mbele ya meza yako. Kila aya utakayoiandika iangalie karatasi ile. Isiyolihusu, itoe, hata kama uliipenda.

Kisha lifanye kichwa. "Utafiti juu ya ajali za karafuu Pemba" hakimwambii mhariri kitu. "Majeraha ya uti wa mgongo baada ya kuanguka mkarafuu: mapitio ya mafaili ya misimu mitatu katika hospitali moja ya Pemba, Zanzibar" kinamwambia jeraha, sababu, aina ya utafiti, muda na mahali. Ni kirefu, lakini hapana neno lililokaa bure.

Ukimaliza hapo, usikimbilie utangulizi. Chora majedwali. Mimi siandiki hata sentensi moja ya makala mpaka majedwali yamesimama, kwa sababu yenyewe ndiyo makala. Maneno yanakuja kuyaeleza tu. La kwanza ni la watu: mafungu ya umri, wanawake na wanaume, mchumaji wa kulipwa au mwenye shamba, msimu gani. La pili ni la majeraha. La tatu ni la jinsi walivyobebwa na hali zao walipotoka wodini. Matatu yanatosha.

Nikuonyeshe jambo moja kwa karibu, maana ndipo wahakiki wanapouma. Tuseme mafaili uliyoyakuta ni 90, lakini jinsi mgonjwa alivyobebwa imeandikwa kwenye 72 tu. Basi kila asilimia ya ubebaji igawanywe kwa 72, na namba hiyo ionekane kichwani mwa safu. Anayegawanya kwa 90 amewachukua watu 18 asiojua kilichowapata akawahesabu kana kwamba anajua walivyobebwa. Tuseme tena kati ya hao 72, walioletwa wamelazwa juu ya ubao au mlango ni 10. Usiandike asilimia 13.89. Andika "10 kati ya 72, asilimia 14", na pembeni utie masafa ya uhakika ya asilimia 95, ambayo hapa yatakuwa kama kutoka 8 mpaka 24. Upana huo usikutie haya. Unamwambia msomaji kwa uaminifu kwamba watu 72 ni wachache na ukweli unaweza kuwa popote ndani ya masafa hayo. Makala ndogo inayojua udogo wake inapita pale ambapo kubwa yenye majivuno inakwama.

Sehemu ya mbinu ndiyo inayosomwa kwa jicho kali kuliko zote, na ndiyo sisi tunaiandika kwa aya mbili. Eleza nani ameingia kwenye hesabu na nani ametolewa. "Kuanguka mkarafuu" maana yake nini: ni aliyekuwa juu ya mti peke yake, au hata aliyeangukiwa na tawi akiwa chini anachambua makonyo? Katika orodha ya kimataifa ya maradhi, ICD-10, kuanguka kutoka mtini kuna alama yake, W14, lakini haisemi ni mti gani. Mnazi, mwembe na mkarafuu yote imo. Kwa hivyo eleza ulivyoutambua mkarafuu ndani ya faili. Nani alisoma mafaili? Mmoja au wawili? Walipotofautiana walifanyaje? Jeraha la uti wa mgongo lilithibitishwa kwa eksirei, kwa CT, au kwa mkono wa daktari peke yake? Ipo orodha ya vipengele 22 inayoitwa STROBE, iliyotolewa mwaka 2007 kwa ajili ya tafiti za kuangalia bila kuingilia kama hii yako. Iweke pembeni tangu siku ya kwanza ya kuandika. Majarida mengi yatakutaka uijaze uoneshe kila kipengele kiko ukurasa gani. Ungekuwa unaandika taarifa ya mgonjwa mmoja ningekupa CARE, na kwa jaribio la dawa ni CONSORT.

Utangulizi, aya tatu, basi. Usianze na enzi za masultani. Kimbunga cha 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja kikaibakisha ya Pemba, na hadithi hiyo naipenda mno, ila mahali pake si pale. Anachohitaji msomaji wa mbali ni kujua kwamba karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka Pemba, kwamba huchumwa kwa mkono na watu waliopanda mti unaofika mita kumi na kupita, mara nyingi bila kifaa chochote cha kuwazuia wasianguke, na kwamba hapana makala iliyojibu swali lako. Hilo la mwisho ulithibitishe kwa kutafuta kweli. Tanzania imo kwenye mpango wa Hinari wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza mwaka 2002, unaozifungulia taasisi zilizosajiliwa majarida ya kulipia. Kama hospitali yenu haijasajiliwa, waulize wenzetu wa chuo kikuu, SUZA.

Katika mjadala, mapungufu yataje mwenyewe kabla hujatajiwa. Aliyefia chini ya mti hakuletwa kwako. Aliyevunjika mkono akaenda kwa fundi wa kuunga mifupa hakuletwa kwako. Idadi ya wachumaji wote huna, kwa hivyo neno "hatari" usilitumie kana kwamba umeipima. Ulichonacho ni sura ya waliofika hospitali. Na mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Msimu wa mavuno makubwa unapandisha watu wengi mitini, kwa hivyo usiseme ajali "zimeongezeka" kwa kulinganisha mwaka mzuri na mwaka mkavu.

Na kama jedwali la tatu litaonyesha kwamba namna ya kubebwa haikuhusiana na hali ya mgonjwa alipotoka, andika hivyo hivyo. Wapemba wana haki kuliko wengi ya kulielewa hili. Watoto zaidi ya 24,000 wa kisiwa hiki walishiriki katika jaribio la vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki lililochapishwa na jarida la The Lancet mwaka 2006. Iliyotarajiwa ni faida. Waliopewa chuma wakaonekana kulazwa au kufariki zaidi, kwa asilimia 12, hapa palipokuwa na malaria kali wakati ule, na sehemu ile ya jaribio ikasimamishwa mapema, mwaka 2003. Shirika la Afya Duniani likalazimika kuutazama upya ushauri wake kwa nchi zenye malaria. Mwaka 2016 jaribio jengine la Pemba, la kupaka klorheksidini kwenye kitovu cha mtoto mchanga, halikuonyesha kuwa dawa ile inapunguza vifo, na likachapishwa vile vile. Matokeo yasiyopendeza yakiandikwa kwa uangalifu yana thamani yake yote.

Sasa jina la mkubwa wako. Najua hili ndilo linalokunyima usingizi. ICMJE inataka mwandishi atimize masharti manne kwa pamoja: awe amechangia kwa uzito katika wazo, ukusanyaji au uchambuzi, awe ameandika au amelisahihisha andiko kwa maana, awe ameikubali nakala ya mwisho, na akubali kuulizwa juu ya kazi nzima. Kutoa ruhusa ya kutumia mafaili, au kuwa mkuu wa idara, hakutimizi. Anayefanya hivyo anatajwa kwenye shukrani. Nafasi ya kwanza kwa desturi ni ya aliyefanya kazi kubwa zaidi, na kwa maelezo yako huyo ni wewe.

Lakini kumpelekea mkubwa wako karatasi ya masharti usoni ni kumkosea adabu, na hutapata kitu. Mwendee wakati ametulia, umwombe awe mwandishi wa kweli. "Mkuu, nakuomba unisaidie kuamua wagonjwa gani waingie kwenye hesabu, na uyapitie majedwali kwa kalamu." Akifanya hivyo amestahiki, na nafasi ya mwisho kwenye orodha, ambayo katika fani yetu husomeka kama nafasi ya mlezi wa kazi, ni yake kwa heshima. Mwambie hivyo waziwazi, wengi wakishaielewa maana ya nafasi ile huacha kuigombania ya kwanza. Mkikubaliana, andikeni kwenye karatasi moja: nani wa kwanza, nani wa pili, nani wa mwisho, kila mmoja atafanya nini. Tieni saini. Yule muuguzi wa zamu ya usiku aliyekuwa akijaza rejista naye umfikirie. Kama ameshiriki kutafuta na kusoma mafaili, mpe fursa ya kulisoma andiko na kulisahihisha, aingie. Na akitokea mgeni wa nje anayetaka "kukusaidia" kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayekaa na data, kataa. Mshauri wa kweli atakaa nyuma yako. Mpango wa AuthorAID, ulioanzishwa mwaka 2007, umekuwa ukiwaunganisha waandishi wa nchi zetu na walezi wa aina hiyo bila ya malipo.

Kuhusu programu za akili unde: kunyoosha sentensi za Kiingereza, sawa, kwa sharti kwamba unatamka ndani ya andiko umeitumia kwa kazi gani, kama ICMJE inavyotaka tangu 2023. Haiwezi kuwa mwandishi. Usiiombe marejeo, maana hutunga makala zisizokuwepo kwa majina yanayoaminika kabisa, na mhakiki mmoja akilitafuta rejeo moja akalikosa, imani yake kwa kazi nzima imekwisha. Data za wagonjwa usizitie humo kamwe. Marejeo yako yapange kwa programu ya bure kama Zotero, ili ukihama jarida usikeshe ukibadilisha namba.

Jarida lichague kabla hujamaliza kuandika. Fungua makala tatu za karibuni ndani yake: zinafanana na yako kwa mada na ukubwa? Jaribu African Journal of Emergency Medicine, East African Orthopaedic Journal, au Tanzania Journal of Health Research, kisha usome maagizo ya kila moja mpaka mwisho. Kama ni jarida la wazi, ambalo msomaji halilipii, litafute mwenyewe ndani ya DOAJ, orodha ya majarida ya aina hiyo; usitosheke na nembo waliyoibandika kwenye ukurasa wao. Ada za majarida ya wazi zinaweza kufika dola elfu moja, mbili, au zaidi, lakini wachapishaji wengi wakubwa huzisamehe au huzipunguza kwa waandishi wa nchi zenye kipato kidogo; angalia kwenye orodha yao kama Tanzania imo. Msamaha huo uombe wakati unatuma. Ukingoja mpaka makala ikubaliwe, huenda umechelewa.

Kutuma kwenyewe ni kazi ya asubuhi moja, ukiwa na kila kitu mkononi. Fungua namba ya ORCID, ya kumtambulisha mwandishi, ni bure, tarakimu 16, itakufuata hata ukibadilisha kazi. Barua pepe ya mwandishi wa mawasiliano iwe ile unayoifungua kila siku. Ukurasa wa majina uwe faili mbali na andiko, kama jarida linaficha majina kwa wahakiki, na hapo jina la hospitali nalo litoke ndani ya maandishi. Majedwali yawe ya kuandikika, yasiwe picha. Mistari iwe na namba. Matamko ya ufadhili, maslahi, mchango wa kila mwandishi na upatikanaji wa data yaandike kwanza kwenye faili lako ndipo uyabandike, maana umeme ukikatika katikati ya fomu utaanza upya. Barua kwa mhariri isizidi nusu ukurasa: swali lako, ulichokipata, kwa nini wasomaji wake wanakihitaji, na kwamba andiko halipo kwa jarida jengine. Hilo la mwisho liwe kweli. Kutuma kwa majarida mawili kwa pamoja ili uone lipi litajibu mwanzo ni kosa linalomharibia mtu jina kwa miaka.

Majibu yatachukua miezi. Yakija na maneno "masahihisho makubwa", furahi, mlango umefunguliwa. Soma maoni, funga, subiri siku mbili, kisha nakili kila hoja neno kwa neno na chini yake uandike jibu lako na namba ya mstari uliobadilika. Mhakiki akikuuliza, "Kwa nini hamkuwapima wagonjwa wote kwa CT?", usijibu kwa hasira wala usijitetee kwa kurasa mbili. Jibu: "Tunashukuru. Katika misimu hiyo CT haikupatikana kwa kila mgonjwa. Tumeongeza kwenye mbinu idadi ya waliopimwa, na kwenye mapungufu tumeeleza kwamba majeraha madogo huenda hayakuonekana, mstari wa 88 na wa 214." Ukiwa hukubaliani naye, sema kwa nini, kwa heshima, na mwachie mhariri aamue. Ukihitaji muda zaidi uombe kabla tarehe haijapita. Na wakikataa kabisa, yachukue maoni yao, rekebisha, peleka kwengine ndani ya mwezi huo huo.

Makala ikitoka, andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili, herufi kubwa: namna ya kumlaza aliyeanguka mkarafuu, na nani wa kumpigia simu. Mpe sheha nakala, na nyengine iombee ruhusa ibandikwe kwenye kituo ambapo karafuu hupimwa, kabla msimu haujafunguliwa.